Columbia: tunabishana kuhusu siri ambayo haikuwepo

Nimeiangalia mara mbili ile dokumentari ya BBC ya Columbia, chombo cha anga kilichovunjika kikirudi duniani na watu saba ndani, ile ya sehemu tatu iliyotoka mwaka 2024. Mara ya kwanza tulikuwa watu sita sebuleni kwa dada, mara ya pili nilikuwa peke yangu usiku na daftari mkononi narudisha nyuma kila baada ya dakika mbili, na kilichonifanya nikae niandike haya ni maneno yaliyotutoka siku ile ya kwanza baada ya kuzima tv. Tulibishana mpaka saa saba usiku na watu wana kazi kesho yake. Tangu hapo kila niliyemwambia aiangalie amerudi na ubishi uleule karibu neno kwa neno, kwamba NASA, shirika la anga la Marekani, walijua kabisa wale watu saba hawarudi wakaamua kuwanyamazia, na je wewe ungekuwa kule juu ungetaka uambiwe au uachwe ufe bila kujua?

Mama alisema yeye angetaka kuambiwa. Hakufikiria hata kidogo, kasema mtu ana haki ya kuaga wanawe na kutubu. Mpwa wangu wa form four akasema yeye hapana, bora aendelee kuelea kule akiiangalia dunia alafu iishe ghafla, dada akawa upande wa mama, shemeji kimya, mimi nayumba huku na huku. Ni ubishi wenye uchungu na una dini ndani yake, kwaiyo sishangai umewateka watu. Ila nilivyoirudia mara ya pili nikaona ubishi wote ule umesimama juu ya kitu ambacho hakikutokea. Hakuna aliyejua. Hakukuwa na faili limefungiwa kabatini lenye picha ya tundu kwenye bawa. Kilichokuwepo mi naona ni kibaya zaidi ya siri, kulikuwa na watu waliokuwa na uwezo wa kwenda kuangalia, wakaombwa waangalie, tena zaidi ya mara moja, na hawakuangalia.

Kwa ambao hamjaiona, Columbia iliruka kutoka Kennedy Space Center, Florida, tarehe 16 Januari 2003 saa 4:39 asubuhi. Sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi kubwa la mafuta kikaangukia ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Wanaanga hawakusikia chochote. Wakafanya kazi zao siku 16, majaribio ya sayansi zaidi ya 80, kwa zamu mbili usiku na mchana, na tarehe 1 Februari wakaanza kurudi. Kwenye kurudi ndo kwenye moto wenyewe, ukingo ule wa bawa unafika nyuzi joto 1,600 na kitu wakati aluminiamu iliyoko nyuma yake inayeyuka kwenye 660. Hewa ya moto ikaingia kwenye tundu ikalila bawa kutoka ndani, na dakika 16 kabla ya kutua chombo kikavunjika juu ya Texas, kimo cha kilomita 60 hivi. Rick Husband, William McCool, Michael Anderson, David Brown, Kalpana Chawla, Laurel Clark, Ilan Ramon. Nayaandika majina yote kwasababu sebuleni usiku mzima tulikuwa tunasema "wale watu" tu.

Sasa tuje kwenye povu, maana hapo ndo wengi wanasema hao NASA walikuwa wajinga, na mimi sikubali.

Shemeji yangu ni fundi wa mafriji na AC. Walipofika kwenye habari za povu aliinuka akatoka nje kwenye banda lake akarudi na kipande cha lile povu gumu la njano linalokaa katikati ya bati la nje na plastiki ya ndani ya friji, akanipa mkononi. Halina uzito. Ukilibonyeza kwa kucha linaingia, ukilivunja linatoa vumbi kama unga. Akasema, "Shem, hili ndo limeua watu? Hili mi nalikwangua kwa bisibisi." Na lile la kwenye tangi la chombo ni jamii hiyohiyo na kazi yake ni hiyohiyo ya kutunza ubaridi, kwasababu ndani ya tangi kuna haidrojeni na oksijeni zikiwa kimiminika, baridi kali kupita friza yoyote. Kipande kilichobanduka kilikuwa na ukubwa wa kama begi la safari na uzito wa kama robo tatu ya kilo. Ukikishika unaapa hakiwezi kuvunja hata kioo cha dirisha.

Ila wepesi wake ndo tatizo. Kitu chepesi ukikiachia kwenye upepo mkali kinabaki nyuma palepale, kama karatasi ukiiachia dirishani kwenye basi la mkoani. Columbia ilikuwa inapanda kwa mwendo wa kama kilomita 2,500 kwa saa, povu likaachia, hewa ikalipunguza mwendo ndani ya kipande kidogo cha sekunde, na bawa lililokuwa linakuja nyuma likalivaa kwa tofauti ya mwendo ya zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Julai 2003 huko San Antonio wachunguzi walichukua paneli halisi ya kaboni ya bawa la chombo, wakaipiga kipande cha povu kwa bunduki ya gesi kwa mwendo wa namna hiyo, paneli ikatoboka tundu la karibu sentimita 40 kwa 40. Video ya jaribio hilo ipo. Nilimwonyesha shemeji kwenye simu, akaomba nirudie, nikarudia, akaomba tena, alafu akakiweka kile kipande chake mezani taratibu kama kitu kinachoweza kulipuka. Kwaiyo mtu aliyesema "ni povu tu" alikuwa anasema kitu ambacho mkono wowote ungekubaliana nacho, na ndo maana ilihitajika kuacha kuuamini mkono na kwenda kuangalia kwa macho.

Na walipiga hesabu, hilo tuwape haki yao. Mainjinia wa Boeing walitumia programu ya kompyuta iliyoitwa Crater, ambayo ilitengenezwa kukadiria vipande vidogo vinachimba kiasi gani vigae vya kuzuia joto. Programu ikatoa jibu la kutisha, kwamba kigae kingeweza kuchimbwa kupita unene wake wote. Wakalipunguza makali lile jibu kwa hoja kwamba programu hii huwa inakuza mambo. Kisha wakaliweka kwenye slaidi. Hiyo slaidi nimeisoma mstari kwa mstari. Kichwa chake juu kinakutuliza, kinakwambia matokeo ya majaribio yanaonyesha tuko upande wa tahadhari, alafu unashuka, unapita kidoti, unapita kidoti ndani ya kidoti, na chini kabisa kwa herufi ndogo ndo unakuta kwamba majaribio yale yalifanywa na kipande cha ujazo wa inchi 3 na hiki kilichogonga kinakadiriwa kuwa 1,920. Mara 640. Ni sawa na mtu azoee kuchambua vijiwe kwenye mchele alafu aulizwe kuhusu tofali. Namba ilikuwepo pale, haikufichwa, yeyote aliyekuwa kwenye kikao angeweza kuisoma, na bodi ya uchunguzi ilikuja kuiweka slaidi hiyo ndani ya ripoti yake kama mfano wa jinsi habari nzito inavyozamishwa.

Mtu ambaye natamani tungebishana kuhusu yeye ni Rodney Rocha.

Rocha alikuwa injinia wa NASA pale Houston. Aliona video ya povu linagonga bawa akashtuka, na yeye na wenzake wakataka kitu kimoja tu, picha. Marekani ina satelaiti za kijasusi na darubini za kijeshi za ardhini ambazo zingeweza kukipiga picha chombo kikiwa kwenye mzunguko. Tarehe 21 Januari akaandika imeili kuuliza kama wanaweza kuomba msaada nje ya NASA, tena kwenye mabano akaongeza neno la kubembeleza kabisa, la kuomba kama ombaomba. Jibu likawa hapana. Siku iliyofuata akaandika nyingine, kali, akasema uamuzi wa kutoomba picha ni wa makosa na unakaribia kuwa wa kutowajibika, akawakumbusha yale mabango ya usalama yaliyobandikwa kila mahali kwenye majengo yao yanayosema kama si salama, sema. Akaichapisha kwenye karatasi. Akamwonyesha mwenzake. Hakuituma.

Hilo ndo lililomkasirisha dada kuliko yote, alipiga mkono wa kiti, "kwanini hakuituma!" Rocha alikuja kueleza baadaye kwamba aliona yuko chini mno na wakubwa wako juu mno. Sijui kwa wenzangu ila mimi hapo sikuweza kumhukumu. Nimekaa kwenye vikao vya kazi nikiwa na karatasi mfukoni yenye jambo zito, nikaangalia uso wa mkubwa ulivyo na haraka, nikaangalia wenzangu wanavyotikisa kichwa kukubali, na ile karatasi nikarudi nayo nyumbani. Kwangu halikufa mtu. Tarehe 24 Januari kamati ya uendeshaji wa safari ilikaa, suala la povu likapita kwa dakika chache, ikahitimishwa kwamba hakuna hatari kwa safari, labda kazi ya ukarabati chombo kikirudi, na Rocha alikuwa mlemle ndani.

Na hakuwa peke yake aliyeomba. Wayne Hale, meneja wa ngazi ya juu kabisa, tarehe 22 alipiga simu upande wa jeshi kuulizia hizo picha, jeshi likaanza kujiandaa, na kama saa moja na nusu baadaye ombi likafutwa. Halikupita njia rasmi, na mwenyekiti wa kamati alipouliza ni nani hasa anayezihitaji hizo picha hakuletewa jina. Kesho yake jeshi likaandikiwa kushukuriwa na kuombwa kwamba mara nyingine utaratibu ufuatwe. Hapo niliiweka kalamu chini. Hawa watu wa jeshi walikuwa tayari kugeuza mitambo yao, na kilichowarudia ni shukrani na somo la utaratibu, wakati kule juu watu saba wanazunguka dunia kila dakika tisini.

Kuna kingine kinaniuma ambacho kwenye ubishi wetu hakuna aliyekigusa. Rada za kijeshi zilikuwa zimerekodi, siku ya pili ya safari, kitu kidogo kikijitenga na Columbia na kuelea pembeni. Inaaminika kilikuwa ni kipande cha paneli ya bawa. Hakuna aliyezichambua rekodi hizo mpaka baada ya ajali.

Sasa hii stori ya "waliamua wasiwaambie" imetoka wapi? Imetoka kwa Wayne Hale huyohuyo. Mwaka 2013, miaka kumi baadaye, aliandika kumbukumbu zake akasimulia kwamba kipindi kile baada ya kikao kimoja mkurugenzi mwenzao alimwambia kwamba kinga ya joto ikiharibika hamna la kufanya, pengine ni bora wanaanga wasijue, kwani si afadhali wamalize safari yao kwa furaha wafe ghafla wakati wa kurudi kuliko wakae kwenye mzunguko wakijua hamna la kufanya mpaka hewa iishe. Yalikuwa mazungumzo ya "ikitokea". Vyombo vya habari vikaidaka, vichwa vya habari vikageuka kuwa NASA walijua wanaanga watakufa, na mpaka leo mtu anaingia kuangalia dokumentari na hukumu yake tayari mfukoni.

Lakini hiyo kauli nimeikalia siku nyingi, na ninavyoiona mimi hatari yake haiko kwenye kuficha. Mtu akishajiambia kwamba hata likiwa kweli hatuna la kufanya, hamu ya kujua inakufa palepale. Picha ya nini sasa? Ya kutusumbua? Na ndo maana nilivyomsikia mpwa wangu akisema bora asijue, moyo uliniruka. Shangazi yangu alikaa na uvimbe titini karibu mwaka mzima. Tukimwambia twende ukapime anasema mwanangu nikiambiwa ni kansa nitafanyaje, hela iko wapi, bora nisijue nikae kwa amani. Nilimheshimu kwa neno lile, niliona ni ujasiri, nikaacha kumsumbua. Alivyokubali kwenda ilikuwa imeshasambaa, na daktari swali lake la kwanza lilikuwa ni lini mlianza kuuona. Ile "nitafanyaje" yake tuliichukulia kama jibu wakati lilikuwa ni swali, na lilikuwa na jibu lake ambalo lilibadilika kila mwezi tuliochelewa.

Nirudi kwenye watazamaji. Wengi hasira zao wamezimwagia kwa Linda Ham, yule mama aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Hasira siikatazi, ombi la picha lilifutwa mkononi mwake na hitimisho la tarehe 24 ni lake. Ila huyuhuyu ndo aliandika kwamba hoja iliyotumika kuruhusu safari zilizotangulia, baada ya tukio lingine la povu, ilikuwa hoja dhaifu na bado ni dhaifu. Kwaiyo macho alikuwa nayo. Alichokuwa anakiangalia ni ratiba ya safari inayofuata. Mtu mmoja akishabebeshwa lawama zote sisi tunalala vizuri, tunasema yule mama mkatili, basi, na bodi ya uchunguzi chini ya Admirali Harold Gehman ilikataa kabisa kuishia hapo. Ripoti yao ya Agosti 2003 inasema utamaduni wa shirika ulichangia ajali hii sawasawa na povu lenyewe.

Utamaduni gani? Mazoea, kwa neno fupi. Kwa mujibu wa masharti ya utengenezaji wake tangi halikutakiwa kudondosha povu hata kidogo, na tangu safari ya kwanza kabisa ya mwaka 1981, iliyofanywa na Columbia hiihii, vigae vilikuwa vinarudi vimechubuka. Mwanzoni ni taharuki, baadaye ni ripoti, baadaye ni mstari kwenye orodha ya vitu vya kurekebisha gereji. Kila chombo kilichorudi salama kilihesabika kuwa ushahidi kwamba povu halina neno. Oktoba 2002, miezi mitatu tu kabla, Atlantis, chombo kingine cha aina hiyohiyo, ilidondosha povu kutoka sehemu ileile ya tangi, likagonga roketi ya pembeni, na safari zikaendelea. Na hii sio mara ya kwanza kwa shirika hilohilo, tarehe 28 Januari 1986 chombo chao kingine, Challenger, kililipuka sekunde ya 73 kwasababu ya mipira ya kuzibia kwenye roketi za pembeni, mipira ambayo ilishaonekana inaungua safari nyingi nyuma, na mainjinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo, usiku wa kuamkia siku ile walisema baridi ni kali msirushe, wakashindwa nguvu. Mwanasosholojia Diane Vaughan aliyeichunguza Challenger kwa miaka alikuja kuisaidia bodi ya Columbia, na kilekile alichokieleza kwenye ajali ya kwanza, kasoro inayozoeleka mpaka inaonekana hali ya kawaida, alikikuta kinamsubiri kwenye ya pili.

Alafu kuna lile jambo la skrini. Mameneja walipewa programu ya kuweka kwenye kompyuta zao, ukiiacha mashine bila kuigusa inakuonyesha siku zilizobaki mpaka tarehe 19 Februari 2004, siku ya kurusha kipande muhimu cha kituo cha kimataifa cha anga. Siku, saa, dakika, sekunde, zinapungua. Jiweke hapo ofisini kila ukigeuka unaikuta ile saa, alafu aje injinia akwambie simamisha kila kitu tukaangalie povu.

Swali jingine ambalo kila mtu analiuliza, na hili nalipenda, ni kwani wangejua wangefanya nini. Mpwa wangu aliuliza kwanini wasingekwenda tu kituo cha kimataifa wakasubiri huko. Wasingeweza, Columbia ilikuwa kwenye mzunguko ulioinama nyuzi 39 kutoka ikweta na kituo kiko kwenye 51.6, na mafuta ya kuhamia huko hayakuwepo. Mkono wa roboti hawakuwa nao kwenye safari hii. Ila bodi iliwataka NASA wafanye zoezi la kupiga hesabu upya kana kwamba picha zilichukuliwa siku za mwanzo na tundu likaonekana, na majibu yake ndo yanayonikosesha usingizi. Columbia wangebana matumizi, watu walale, kazi zisimame, kikomo kingekuwa dawa ya kunyonya hewa chafu, na hiyo ingewafikisha siku ya 30, yaani tarehe 15 Februari. Atlantis ilikuwa tayari inaandaliwa kwa safari ya tarehe 1 Machi. Kwa kufanya kazi usiku na mchana bila kosa hata moja ingeweza kuruka kuanzia tarehe 10 hivi. Vyombo viwili vikae kule juu sehemu zao za mizigo zikitazamana, watu wavuke mmojammoja. Kulikuwa na wazo la pili pia, watoke nje wakazibe tundu kwa vyuma vya humohumo ndani na mfuko wa maji yaliyoganda, hilo hata bodi hawakulipa matumaini makubwa.

Ni jambo la hatari, na lingeweza kushindikana, na wangeweza kupoteza vyombo viwili. Nalikubali hilo lote. Lakini siku tano kati ya tarehe 10 na 15 zilikuwepo, na zilikuwa zinahesabiwa kuanzia siku ambayo mtu angeleta picha mezani. Wikiendi ya kwanza baada ya kuruka ilikuwa ndefu, kuna sikukuu ya Martin Luther King, kamati ikakaa tarehe 17 na haikukaa tena mpaka tarehe 21.

Wanaanga nao waliambiwa kitu, ili mtu asiseme hawakuambiwa kabisa. Tarehe 23 Januari Husband na McCool walitumiwa imeili kutoka Houston na kipande cha video ya povu, wakaelezwa kwamba wataalamu wameangalia, jambo kama hili limeshaonekana safari nyingine, na hakuna wasiwasi wowote wa kurudi. Waliandikiwa hasahasa ili wasishtukizwe na swali la mwandishi wa habari. Aliyeiandika aliamini anachoandika. Husband akajibu akashukuru. Hapa ndo mama yangu alipobadilika, tulivyoisoma hiyo imeili pamoja alikaa muda, akasema basi hawakudanganywa, waliambiwa walichokuwa nacho, na walichokuwa nacho hakikuwa kitu.

Kuna mkanda wa dakika 13 hivi uliookotwa Texas baadaye, Laurel Clark ndo anapiga kamera, Husband, McCool, Chawla na yeye wako sehemu ya marubani wanavaa glavu, nje ya dirisha mwanga wa machungwa unaanza kuwaka, wanautania. Husband anasema sasa hivi mtu asingependa kuwa nje. Mkanda unaishia dakika chache kabla ya dalili ya kwanza ya matatizo. Hapo ndo watu wote sita tulilia, na sitaki kuongeza neno. Saa 2:54 asubuhi kwa saa za Florida vipimo vya bawa la kushoto vikaanza kupotea kimoja baada ya kingine kwenye skrini za Houston, saa 2:59 sauti ya Husband ikakatika katikati ya neno. Kule Florida familia zilikuwa zimesimama kando ya uwanja wa kutua zikisubiri ile milio miwili ya chombo kikikaribia, ambayo huwa inasikika dakika tatu hivi kabla. Haikusikika. Saa kubwa ya uwanjani ikafika sifuri saa 3:16, ikaendelea kuhesabu.

Mpwa wangu bado hajakubali, ananiambia anko hata wangeangalia wasingeweza kitu. Nikamwonyesha kilichofuata. Julai 2005 Discovery, chini ya kamanda Eileen Collins, ilipokaribia kituo cha kimataifa ikageuzwa kichwa chini miguu juu polepole ili walioko kituoni waipige picha tumbo lote, na mwanaanga Steve Robinson akatoka nje, akapelekwa na mkono wa roboti mpaka chini ya tumbo la chombo, akavuta kwa vidole vipande viwili vya kuzibia vilivyokuwa vimechomoza kati ya vigae. Halijawahi kufanyika kabla. Agosti 2007 Endeavour ilipatikana na kovu kwenye vigae, likapigwa picha, likapimwa mpaka kina chake, wakakaa wakajadili siku kadhaa, wakaamua halihitaji kuzibwa, wakarudi salama, na ndani yake alikuwemo Barbara Morgan, mwalimu aliyekuwa akiba wa Christa McAuliffe, mwalimu aliyekufa kwenye Challenger. Na Mei 2009, Atlantis ilipokwenda kuitengeneza darubini ya Hubble, sehemu ambayo nayo huwezi kukimbilia kituo cha kimataifa, Endeavour ilikuwa imesimamishwa kwenye jukwaa la pili la kurushia palepale Florida, tayari kwenda kuwachukua.